Chumvi, Sukari na Lita Moja ya Maji

Mwezi Mei 1832, katika mji wa bandari wa Leith huko Scotland, daktari Thomas Latta alikuwa mbele ya bibi kizee aliyekwisha kukatiwa tamaa. Kipindupindu kilikuwa kimemkausha. Macho yalikuwa yamezama, ngozi imesinyaa na mapigo ya moyo hayasikiki tena kwenye kifundo cha mkono. Kila dawa iliyosifiwa wakati ule ilikuwa imejaribiwa bila mafanikio. Latta akapasua mshipa wa mkono, akapenyeza mrija, akaanza kumtilia maji ya chumvi moja kwa moja kwenye damu.

Aunsi za mwanzo hazikuleta badiliko lolote. Kisha pumzi ikatulia, uso ukaanza kurudi katika hali yake, na mapigo yakasikika. Ndani ya nusu saa painti 6 zilikuwa zimeingia mwilini. Latta akaona hatari imepita, akamwacha mgonjwa mikononi mwa daktari wa hospitali. Kuhara na kutapika kukarudi, hakuna aliyemtilia maji mengine, na baada ya saa tano na nusu bibi yule akafariki.

Latta hakukata tamaa. Aliendelea na wagonjwa wengine, baadhi wakapona, na barua yake ikachapishwa katika jarida la Lancet mwezi Juni mwaka huohuo. Humo alieleza mchanganyiko wake: drakma 2 hadi 3 za chumvi na skrupo 2 za magadi katika painti 6 za maji. Tukivigeuza vipimo hivyo vya wauza dawa wa zamani, tunapata karibu gramu 8 hadi 12 za chumvi katika takriban lita 3 za maji. Kila lita ilikuwa na gramu 2 hadi 4 tu za chumvi. Kumbe damu ya binadamu hulingana na maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita.

Latta hakuwa na namna ya kulijua hilo. Alijua kwamba chumvi na maji vinahitajika, lakini hakuna mtu duniani wakati ule aliyeweza kumwambia ni chumvi kiasi gani katika maji kiasi gani. Jibu lilichukua miaka 170 kukamilika, na wengi walikufa njiani kwa sababu mchanganyiko ulikuwa mwepesi mno, mzito mno, au haba.

Wazo la kurudisha chumvi na maji lilitoka kwa kijana wa Ireland, William Brooke O'Shaughnessy, aliyekuwa na umri wa miaka 22. Kipindupindu kilipoingia Uingereza kupitia Sunderland mwishoni mwa 1831, alikwenda huko, akachukua damu ya wagonjwa na kuipima kikemia. Aligundua kwamba damu ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya maji yake pamoja na chumvi zake, na kwamba vilivyopotea vilionekana kwenye kinyesi cha wagonjwa. Ushauri wake ukafuata moja kwa moja: damu irudishiwe kilichotoka. Muda mfupi baadaye alihamia Calcutta, India, akajulikana kwa mambo mengine, ukiwemo ujenzi wa mtandao wa telegrafu. Hakujua kwamba nusu ya pili ya kisa alichokianzisha ingeandikwa karibu na mji huo.

Latta alifariki mwaka 1833 na njia yake ikazikwa pamoja naye. Sababu hazikuwa za kipuuzi. Maji hayakuchemshwa, hivyo damu iliingiwa na vijidudu. Wagonjwa waliochaguliwa walikuwa wale waliokwisha kufikia mauti. Na kila daktari alichanganya kwa kipimo chake. Ugonjwa uliporudi katika mawimbi mengine, ulikuta waganga wakiendelea kumtoa damu mtu aliyekwisha kukaukiwa. Zanzibar ilifikiwa na wimbi mojawapo mwishoni mwa 1869, na James Christie, daktari aliyemhudumia Sultani, alifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri kwa njia za misafara kutoka bara hadi pwani. Kitabu chake cha 1876 kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kinaonyesha ramani ya ugonjwa kwa makini sana. Tiba yenye nguvu bado haikuwapo.

Kuhesabu chembe

Kilichokosekana kilitoka mahali pasipotarajiwa, kwa watu waliokuwa wakichungulia seli za mimea na damu kwa hadubini. Hugo de Vries, mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, alionyesha kwamba seli ya mmea ikiwekwa katika mmumunyo mzito hunywea, kwa kuwa maji hutoka ndani kwenda kwenye chumvi nyingi, kama kachumbari inavyotoa maji ikitiwa chumvi. Mholanzi mwenzake, Hartog Jakob Hamburger, akafanya jaribio kama hilo kwa seli nyekundu za damu. Katika maji mepesi ya chumvi seli zilivimba na kupasuka. Katika maji mazito zilisinyaa. Katikati palikuwa na ukolezi mmoja ambapo zilitulia: karibu gramu 9 za chumvi kwa lita. Hiyo ndiyo asilimia 0.9 inayoandikwa mpaka leo kwenye chupa za dripu.

Swali likabaki: kwa nini gramu 9 za chumvi zinafanya kazi ambayo gramu 9 za sukari haziwezi? Jacobus van 't Hoff, Mholanzi wa tatu katika kisa hiki na mtu wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1901, alitoa jibu katika miaka ya 1880. Mvuto wa maji kuelekea mmumunyo hautegemei uzito wa kilichoyeyushwa. Unategemea idadi ya chembe. Msweden Svante Arrhenius akaongeza kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika, kila molekuli ikawa ayoni mbili, moja ya sodiamu na moja ya kloraidi, wakati sukari hubaki molekuli nzima.

Kuanzia hapo gramu peke yake haikutosha. Wanakemia walihitaji kipimo kinachohesabu chembe, na katika miaka ya 1890 Wilhelm Ostwald wa Ujerumani akakipa jina la moli. Moli moja ya kitu chochote ina idadi ileile ya chembe, na kinachobadilika ni uzito wake. Moli ya chumvi ina gramu 58.44, ya glukosi ina gramu 180. Ukigawanya gramu 9 kwa 58.44 unapata moli 0.154, yaani milimoli 154 za sodiamu na 154 za kloraidi. Jumla ni milimoli 308 za chembe katika lita. Damu yenyewe ina karibu 290. Hesabu ya karatasini na seli za Hamburger zikakubaliana.

Ila kujua namba inayofaa damu hakukutosha kumponya mgonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Leonard Rogers, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Calcutta, aliamua kwamba mtu wa kipindupindu anahitaji chumvi nyingi kuliko damu ya kawaida inavyohitaji. Alitumia grani 120 za chumvi kwa painti, karibu gramu 14 kwa lita, mara moja na nusu ya kipimo cha Hamburger. Vifo katika hospitali yake vilipungua kwa karibu nusu. Yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo tiba hiyo ilihitaji sindano, chupa zilizotakaswa na mtaalamu. Kipindupindu kiliwaua watu vijijini, ambako vitu hivyo havikuwapo.

Mlango wa utumbo

Kwa nini basi mgonjwa asinywe tu maji ya chumvi? Kwa sababu yalitoka kama yalivyoingia. Utumbo wenye kipindupindu ulionekana kama bomba lililopasuka. Ufunguo ulipatikana mwaka 1960, mjini Prague, pale mwanabiokemia Mmarekani Robert Crane alipopendekeza kwamba sukari aina ya glukosi haivuki ukuta wa utumbo peke yake. Huvuka ikiwa imefuatana na sodiamu, na vikivuka pamoja, maji hufuata. Ilikuja kuonekana kwamba sumu ya kipindupindu, pamoja na uharibifu wake wote, haiufungi mlango huo.

Wa mwanzo kuujaribu mlango huo walipata msiba. Mwaka 1962 huko Manila, Robert Phillips, daktari wa jeshi la majini la Marekani, aliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa glukosi na chumvi. Dalili za awali zilitia moyo. Lakini katika jaribio lililofuata mchanganyiko ulikuwa mzito kupita kiasi, na baadhi ya wagonjwa walifariki. Viungo vilikuwa sahihi, uwiano wake na maji ndio uliokosewa. Phillips alibaki na hofu kwa miaka mingi, na hofu hiyo ilikuwa na uzito kwa kuwa baadaye alikuja kuongoza maabara ya utafiti wa kipindupindu mjini Dhaka, iliyokuwa Pakistani ya Mashariki wakati huo.

Katika maabara hiyo walikuwepo madaktari wawili Wamarekani ambao hawajafikia miaka 30, David Nalin na Richard Cash. Nalin alikuwa ameona jaribio la mchanganyiko kama huo mjini Chittagong likishindwa mwishoni mwa 1967, na alipoipitia hesabu ya wagonjwa alielewa sababu. Mchanganyiko haukuwa mbaya. Waliupata kidogo kuliko walichokuwa wakipoteza. Mwaka 1968, wakiwa Dhaka, yeye na Cash wakabuni kanuni rahisi: pima kinachotoka, mnyweshe mgonjwa kiasi hichohicho. Waliochaguliwa kwa jaribio hilo walikuwa wagonjwa 29. Walionyweshwa walihitaji dripu pungufu kwa takriban asilimia 80, na matokeo yakachapishwa katika Lancet mwezi Agosti, katika jarida lilelile lililoichapisha barua ya Latta. Calcutta nako, kundi jingine la watafiti lilifikia jambo hilohilo karibu wakati mmoja.

Wakubwa wa tiba hawakushawishika. Walisema hayo ni mambo ya wodi yenye wauguzi, vipimo na vitanda, na kwamba ukimpa mtu asiye na elimu ya kitabibu kazi ya kuchanganya, atakosea na kuua.

Bangaon, 1971

Vita vya ukombozi wa Bangladesh vilipolipuka mwaka 1971, watu wapatao milioni 10 walivuka mpaka kuingia India. Kipindupindu kikawakuta kambini. Katika mji wa mpakani wa Bangaon, hospitali ilikuwa na vyumba viwili vilivyojaa wagonjwa sakafuni, na daktari Dilip Mahalanabis kutoka Calcutta alipiga magoti katika matapishi na kinyesi ili kuwatundikia dripu. Dripu zikaanza kuisha.

Mahalanabis akafanya lililokatazwa na tahadhari zote. Huko Calcutta, mafundi wa maabara walipima unga na kuufunga katika mifuko ya plastiki. Kila lita moja ya maji ilitengewa gramu 22 za glukosi ya kawaida ya dukani, gramu 3.5 za chumvi ya mezani na gramu 2.5 za baking soda. Kambini unga ulimwagwa katika mapipa yenye bomba, na ndugu wa wagonjwa wakawa wanachota vikombe na kuwanywesha watu wao.

Ukiangalia vipimo vile haraka utadhani vilikisiwa. Lakini gramu 3.5 za chumvi ni milimoli 60, na gramu 2.5 za baking soda ni milimoli 30. Zote mbili zina sodiamu, hivyo jumla ya sodiamu ni 90. Glukosi ya aina ile ina maji ndani ya fuwele zake, moli yake ikawa gramu 198, kwa hiyo gramu 22 zinatoa milimoli 111. Hakuna namba iliyowekwa kwa kubahatisha. Potasiamu tu ndiyo iliyoachwa. Ndani ya mapipa yale palikuwa na kazi ya Hamburger, van 't Hoff na Crane, imegeuzwa kuwa kitu ambacho dada wa mgonjwa anaweza kukitoa kwa bomba.

Kabla ya mapipa, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kati ya wagonjwa wapatao 3,700 waliotibiwa kwa njia hii, vifo vilishuka hadi asilimia 3.6. Lita moja iligharimu paisa 11 za India. Ripoti ilichapishwa mwaka 1973, baada ya kukataliwa kwingine. Ilikuwa pia mwaka 1971, mwezi Oktoba, ambapo Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo uliokaa Ufaransa uliipokea moli kuwa kipimo cha msingi cha saba cha dunia, pamoja na mita, kilo na sekunde.

Mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikubali fomula moja ya pakiti: sodiamu 90, potasiamu 20, kloraidi 80, bikaboneti 30 na glukosi 111, zote kwa milimoli katika lita. Miaka mitatu baadaye Lancet iliandika kwamba huenda huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote ya tiba katika karne hiyo.

Maabara kwenye vidole

Bangladesh mpya haikuwa na uwezo wa kusambaza pakiti kwa kila kaya. Shirika la BRAC, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972, likaamua kuupeleka ukolezi wenyewe nyumbani, bila pakiti. Mwalimu wa shirika alimfundisha mama kuchukua chumvi kwa ncha za vidole vitatu, sukari guru inayojaa kiganja, na maji nusu sia, ambayo ni karibu nusu lita. Sukari guru ilichaguliwa kwa kuwa ipo kila nyumba, na ina potasiamu kiasi, kitu kilichokosekana Bangaon.

Hofu ya wakubwa wa tiba ilikuwa ya kweli. Vidole vya watu havilingani, na chumvi ikizidi katika damu ya mtoto mdogo huleta degedege na hata kifo. BRAC haikuipuuza hofu hiyo, iliipima. Wakaguzi walirudi katika kaya zilizoteuliwa, wakamwuliza mama anakumbuka nini, wakamwomba achanganye mbele yao, na sampuli zikaenda maabara kupimwa chumvi. Mshahara wa mwalimu ulitegemea majibu ya mama: akikumbuka vizuri, mwalimu analipwa vizuri. Kati ya 1980 na 1990 mpango huo ulifika katika kaya zaidi ya milioni 12. Mama aliyesahau alisababisha mwalimu apunguziwe malipo, kwa hiyo walimu waliacha kuhubiri na kuanza kufundisha kwa mikono.

Kwa nyumba isiyo na pakiti, kanuni inayofundishwa leo sehemu nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo, ni ndugu wa ile ya vidole: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Nusu kijiko ni karibu gramu 3 za chumvi, yaani milimoli zipatazo 50 za sodiamu. Hakuna potasiamu, na kipimo ni hafifu kidogo kuliko pakiti, ila kiko upande wa usalama.

Elimu haikusambaa kila mahali. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma, Zaire, kipindupindu na kuhara damu viliwaua maelfu kwa maelfu katika wiki chache. Timu ya wataalamu iliyotoka Dhaka ilikwenda kusaidia, na baadaye ikachapisha katika Lancet sababu za vituo vya tiba kushindwa. Wagonjwa walirudishiwa maji polepole mno, mchanganyiko wa kunywa ulitumika kidogo, baadhi ya dripu hazikuwa za aina inayofaa, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa ugonjwa huo. Wale waliokuwa wanafunzi wa madaktari wa kigeni mwaka 1968 sasa walikuwa walimu, na somo lilikuwa lilelile la Nalin: kinachotoka kirudishwe, kwa kiasi hichohicho, kwa wakati.

Namba za leo

Fomula ya 1975 iliokoa mamilioni, lakini ilikuwa nzito kidogo. Bikaboneti ilipobadilishwa kuwa sitreti, ili unga usiharibike kwa joto na unyevu, jumla ya chembe ilikuwa 311 katika lita, bado juu ya ile ya damu. Kwa watoto wanaoharishwa na magonjwa mengine yasiyo kipindupindu, ukolezi huo ulichelewesha maji kuingia. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliuzimua: sodiamu 75, kloraidi 65, glukosi 75, potasiamu 20 na sitreti 10. Jumla ikawa 245, chini ya damu, ili maji yavutwe kwenda ndani ya mwili. Kwa watoto waliopewa mchanganyiko huo kutapika kulipungua, na waliohitaji dripu walikuwa wachache zaidi.

Katika pakiti hiyo namba zile zimekuwa unga wa gramu 20.5: glukosi 13.5, sitreti ya sodiamu 2.9, chumvi 2.6 na kloraidi ya potasiamu 1.5. Gawanya 13.5 kwa 180 utapata moli 0.075, yaani ile milimoli 75. Kitu kimoja tu hakimo ndani ya pakiti, nacho ni lita moja ya maji. Unga ule ukitiwa wote katika chupa ya nusu lita, sodiamu inapanda hadi 150 na jumla ya chembe inafika 490, na tunarudi kwenye kosa la Manila. Ukitiwa katika lita mbili, sodiamu inashuka hadi 37.5, na tunaelekea kwenye kosa la Leith. Maandishi ya "lita moja" juu ya pakiti ni nusu ya dawa. Kwa hiyo kabla ya kuchana pakiti, pima maji kwanza.